Daftari la Petroli

Mimi ndiye niliyeshika daftari.
Sauti sina, gitaa lilinikataa,
ila nilijua kujumlisha na kutoa.
Zaidi kutoa.

Ukurasa wa kwanza: Winnipeg, Oktoba, themanini na nne.
Gari la mikate tulilouziwa na mjomba wake Orest,
likinuka hamira hadi kwenye mikanda.
Bei: dola mia sita
na ahadi ya kumpakia rangi ua wake wa mbao.
Ua haujapakwa mpaka leo. Mjomba tulimzika.

Thunder Bay: watu kumi na mmoja,
wanne wao ni bendi iliyotutangulia
na mmoja alikuja kutengeneza jokofu.
Malipo: piza mbili zilizopoa
na neno la mwenye baa, "Mrudi tena,"
ambalo sikujua niliandike safu ipi.

Haba na haba hujaza kibaba, wanasema.
Haba yetu na haba yetu
ilijaza nusu tangi.

Msonobari, mwamba, ziwa,
msonobari, mwamba, ziwa,
saa tisa, kama kaseti ambayo mtu kasahau kuigeuza.
Hita ilikata roho kabla ya Kenora.
Marlys akawa anapiga ngoma magotini mwake,
si mazoezi, ni kuizuia damu isigande.
Delphine, mwimbaji, alinyamaza siku tatu kulinda koo,
soksi ya sufu shingoni,
haja zake akiziandika kwa kidole kwenye ukungu wa kioo:
SUPU.
SIMAMA NIKOJOE.
Siku ya tatu akaandika: NYUMBANI.
Orest aliufuta kwa kiwiko, akaongeza mwendo,
na hakuna aliyekohoa.

Sahani yetu ya kwanza tuliirekodi chini ya kanisa,
baina ya ubatizo na mazishi.
Sikiliza wimbo wa nne, ubeti wa pili:
ule mkoromo ni boila.
Nakala mia tano. Majalada tuliyakunja wenyewe,
gundi ikatushika vidole hata chumvi tukawa tunapokezana kwa viganja.
Ziliuzwa thelathini na mbili.
Zilizobaki zilikuwa kiti cha nyuma.

Saskatoon alikuja bwana wa kampuni, kutoka Toronto,
koti la ngozi, viatu visivyojua theluji.
Akasema mna kitu. Akasema, mtafuteni mpiga ngoma mwanamume.
Marlys alikuwa nyuma yake, amekumbatia ngoma kubwa,
akingoja ampishe mlangoni.
Hatukuitisha kikao.
Kadi ya yule bwana ilikuwa ngumu, ya gharama,
ikatukwangulia barafu ya kioo mpaka Regina.

Moose Jaw: sikuandika kitu.
Ukurasa mtupu, tarehe tu.
Usiku ule stendi ya toazi ilivunjika katikati ya wimbo
na Delphine akanivuta jukwaani kwa kola.
Nikaishika kwa mikono miwili, dakika arubaini,
kila pigo likinishuka mifupani hadi kwenye visigino,
macho nimefumba kama mtoto anayedungwa sindano.
Walikuwa wangapi ukumbini? Sijui.
Walilipa? Sijui.
Asubuhi sikuweza kushika kalamu
wala sikuitafuta.

Siku hizi vijana wenye magitaa mgongoni
hunifuata dukani kwangu, wananiuliza miaka ile ilitupa nini.
Huwaonyesha ukurasa wa mwisho.
Jumla: hasara, dola elfu mbili mia moja na kumi na nne,
imepigiwa mstari mara mbili, kwa wino mwekundu.
Chini yake, kwa mwandiko wa Orest uliolala kama nyasi za upepo:
*Marlys, soksi zangu.*

Marlys anasema alizirudisha.