Warsha ya Majambazi

Siku ya kwanza, Kutaisi, theluji imelala juu ya bati
la kilichokuwa kiwanda cha kushona makoti ya jeshi,
mkalimani wangu, Bi Zhuzhuna, akanionyesha kwa kidole
watu kumi na mmoja waliokumbatia vikombe vya chai.
"Hawa wote," akasema, "ni jambazi."

Nikauliza tena. Jambazi.
Kwa lugha yao ndivyo aitwavyo mtu wa pua nyekundu.
Mkono wangu ulikwisha kukamata mkoba, umeitangulia akili,
na Nodari, dereva wa gari la wagonjwa, mabega kama kabati,
akauona ule mkono, akacheka hadi chai ikamtoka puani.
Somo la kwanza likawa limekwisha
nami sijavua koti.

Sikupanga hivyo. Nilikuwa na daftari.
Saa tatu: kupumua. Saa nne: kuanguka bila kuumia.
Saa tano: kuingia wodini kama mtu aliyekosea mlango.
"Msitake kuchekesha," nikawaambia.
"Mtoto aliyetundikiwa dripu amekwisha kuchoshwa
na watu wazima wanaotaka kitu kwake."
Bi Zhuzhuna akatafsiri, mikono nyuma, visigino vimebanana,
kama karani anayesoma hukumu.
Kila neno alilipa haki yake. Nikisita "aaa",
naye anasita "aaa".
Nilipojikuna sikio nilimwona anafikiri.

Tsiala alianguka vizuri mno, kama kitambaa cha hariri.
Nikamwambia arudie, aanguke vibaya. Hakuweza.
Bezhani alikuja na ganda la ndizi. Nikamuuliza ndizi iko wapi.
Nodari alihangaika kuvua glavu moja dakika nne nzima,
hakucheka mtu,
akarudi kukaa, akaniuliza kwa macho
kama ninajua ninachokifanya.

Sikujua. Miaka kumi na tisa ya kazi hii
na bado zipo alasiri ambazo kicheko ni paka:
unamwita, anakutazama,
anaendelea kuramba mguu.

Siku ya tatu jiko la kuni lilifuka moshi.
Nilikuwa katikati ya sentensi nzito,
sentensi niliyoibeba toka nyumbani, ikivuka viwanja vitatu vya ndege,
kuhusu heshima ya kushindwa mbele za watu,
nikapiga chafya.

Bi Zhuzhuna akangoja niimalize.
Akasukuma miwani juu.
Akawageukia, akapiga chafya.

Si kwa mzaha. Aliitafsiri:
fupi kidogo kuliko yangu, yenye irabu za kwao,
na mwisho akaiwekea nukta.

Nodari akapiga magoti.
Bezhani akawa analia ndani ya kofia yake.
Tsiala akaegemea ukuta, ukuta ukamkataa,
akaporomoka na kiti na birika na ndoo ya kuni,
vibaya, hatimaye, vibaya kabisa!
Na katikati ya vumbi lile, wima kama mshumaa,
Bi Zhuzhuna ananigeukia kwa Kiingereza chake cha shule:
"Nimekosea neno?"

Nilifunga daftari. Sikulifungua tena wiki ile.

Usiku, tukimega mkate wa jibini,
nikamweleza kwamba kwetu jambazi huja na panga, taa zikizimika,
na mwenye pua nyekundu tunamwita chale,
na chale vilevile ni mkato wa wembe
unaobaki ngozini baada ya dawa kuingia.
Akaandika yote, mwandiko mdogo ulionyooka.
Akatafuna muda mrefu.
"Na wembe," akauliza, "anaushika nani?"
Nikaomba chumvi.

Ijumaa alinikabidhi ankara.
Saa ishirini na sita za ukalimani.
Chini yake, kwa penseli: *chafya moja, bure*.
Halafu "bure" imekatwa mstari,
pembeni ameandika: *lari mbili*.

Nililipa.
Nikadai risiti.