Siku ya Sita

Walikuja Jumatatu kwa magari mawili meupe,
midomo imewapasuka kwa baridi, wanahema
kama waliotoka mbioni, na kumbe walikuwa wameketi tu.
Uwanda wetu uko juu mno; hewa yenyewe huku hugawiwa kwa kibaba.
Tuliwapa chai ya majani ya koka. Wakainywa kwa adabu.

Ufunguo wa shule ninao mimi.
Nilitoa madawati, nikayapanga uani juu ya barafu nyembamba,
nikaacha ubaoni hesabu ya darasa la tatu: saba mara nane,
na mtoto fulani alikuwa amejibu hamsini na nne.
Chini ya kosa hilo wakatandika kitanda cha upasuaji,
wakafunga taa, wakawasha jenereta. Mbwa wote wakahama.

Kazi yangu ilikuwa maneno.
Daktari Solveig anasema kwa Kiingereza, kijana wa mjini anakigeuza Kihispania,
nami namkabidhi Casimira kwa Kiaymara,
kama ndoo ipitishwayo mkono kwa mkono hadi penye moto:
ikifika, nusu imemwagika.
"Muulize, kuanzia moja hadi kumi, maumivu yake ni mangapi?"
Casimira akafikiri.
"Mwambie nina kondoo kumi na wanne, na wote nawajua kwa kuwapapasa."
Nikamwambia daktari: sita.

Watoto wa jicho mia moja na tisa kwa siku tano. Niliwahesabu mimi,
wakitolewa weupe kama utando wa maziwa yaliyopoa.
Wakunga wa ajabu hawa: wanazalisha na kutupa.
Asubuhi bandeji zilifunguliwa uani, jua linachoma bila kupasha joto.
Mzee Hilarión alimtazama mkewe baada ya miaka kumi na mmoja,
akamtazama tena,
akasema, "Mama yako amekuja lini?"
Mke alicheka hadi akakaa chini.
Kulia, alikwenda kulia nyuma ya ukuta.

Si wote. Jicho la kushoto la Casimira lilikataa.
Daktari alimshika mkono muda mrefu, hana la kusema,
na hilo halikuhitaji mkalimani.

Ijumaa jioni wakafunga masanduku.
Kabla ya kupanda gari, Solveig alirudi ndani,
akafuta ile nne ubaoni, akaandika sita.
"Waambie tutarudi mwakani."
Sasa, katika lugha yetu siku zilizopita ziko mbele ya uso,
maana hizo umekwisha ziona;
zijazo ziko kisogoni, na huko hakuna aliyeumbwa na macho.
Basi niliposema mwakani, mkono wangu ulikwenda wenyewe
juu ya bega, nyuma, kuelekea mlimani.
Wageni wote wakageuka kutazama kuna nini.
Hakukuwa na kitu. Llama mmoja, na upepo.

Jumamosi nilikuwa napiga deki,
nasugua tone la damu mguuni pa meza ya mwalimu,
kijana akaingia amembeba baba yake mgongoni kwa shuka la sufu.
Siku mbili njiani, kutoka ng'ambo ya ziwa la chumvi.
Redio yao iliishiwa betri; habari iliwafikia Alhamisi.
"Tumefika?" mzee akauliza,
akainua uso kuelekea sauti ya maji ya ndoo yangu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Na mgeni akishaondoka?

Nilimkalisha kwenye dawati, nikampa chai.
Nikachukua daftari la wagonjwa, lililobakiwa na kurasa nyingi,
nikaandika Teófilo Huarachi, namba moja,
na penye tarehe nikaacha wazi.
Kisha tukaketi, yeye nami na mwanawe,
tumeipa barabara mgongo,
upande ambao mwaka hutokea.