Kizibo

Mianyang, saa tisa usiku. Mvua ya Novemba
imelowesha pikipiki zote uani.
Shen Yuqiao anavua miwani, anaifuta, anaivaa,
anamwambia Lao Pang: fungua.

Hewa inaingia kwa mara nne ya mwendo wa sauti.
Haipigi hodi.
Inagonga ukingo wa chuma, inajikunja, inajikunja tena,
na kwenye kioo mawimbi ya mshtuko yanasimama
kama mikunjo ya shati lililopigwa pasi kwa haraka.

Mdomo ni mmoja, matumbo mawili:
juu turbini, yenye kutafuna,
chini ramjeti, isiyo na jino hata moja.
Kati yao ulimi wa bati unaamua nani ale.
Leo uko nusu. Wote wana njaa.

Nyuma kabisa, pale ambapo angani pangewaka moto,
tumeweka kizibo, koni ya chuma kwenye skrubu.
Ndicho kinachojifanya moto.
Milimita moja mbele. Naandika.
Mbili. Naandika.
Huko nyuma hewa inabanwa, inataka kuwaonya wajao
kwamba kumejaa,
lakini nani atapanda mkondo unaoishinda sauti?
Onyo linapita ukutani,
ndani ya ngozi nyembamba ya hewa iliyochoka,
linapanda kwa kunyata.

Tisa. Kumi. Mawimbi yamelikaribia koo.
Kumi na moja nukta nne:
shinikizo halijawahi kuwa tamu hivi,
injini ingeshiba, ingeimba.
Ofisi ilipiga simu jioni. Inataka kumi na mbili kabla ya Ijumaa.

Nukta sita.

Koo likatapika.
Mawimbi yakarushwa nje ya mdomo, yakarudi, yakarushwa,
meza ikatetemeka, chai ya Yuqiao ikaandika
duara lake juu ya jedwali langu.

Rudisha, akasema. Lao Pang akarudisha: kumi na moja.
Koo bado linatapika.
Kumi. Tisa. Bado.
Namba zile zile zilizotupokea tukipanda
zimetufungia mlango tukishuka.
Saba. Sita.
Kwenye tano likameza, ghafla, kimya,
kama mtu aliyekwisha kulia.

Yuqiao anaichukua kalamu yangu.
Kwenye safu ya mwisho, pale ofisi ilipopiga mstari mwekundu,
anaandika kumi na moja nukta nne,
anaikandamiza nukta mpaka karatasi inatoboka.

Lao Pang anafunua tambi zake. Zimeganda.
Anakula hivyo hivyo.