Sss

Alfajiri, Milembe anajinyonga mgongoni,
anakunja uso kama mzee aliyedaiwa.
Najua. Namshusha nyuma ya bani la tumbaku,
namkalisha juu ya nyayo zangu,
nasema sss
naye anaujibu mchanga.

Miezi mitano.
Nepi kambani ni mbili tu, za safari.
Wifi hucheka: "Unalea mtoto au nyoka?"

Jana Urambo, kwa fundi baiskeli,
Milembe mgongoni, kanga mpya ya mkopo,
fundi akafungua valvu ya tairi:
sssssss

Joto likateremka mpaka kiunoni,
likafika kwenye kandambili.
Fundi akasema samahani, mama,
hajui kwa lipi.

Sikumgombeza mwanangu.
Kaitwa, kaitika.