Baridi au Sukari

Saa kumi na mbili kasoro robo alfajiri, kituo cha basi, Winnipeg,
nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Natetemeka.
Kila mtu hapa anatetemeka,
kwa hiyo hakuna anayenishangaa,
nami mwenyewe sijishangai.

Hapo ndipo inapopenya.
Kwingine ningeitambua mapema:
jasho la ghafla shingoni, midomo kufa ganzi,
moyo kwenda mbio kama wa mtu anayedaiwa.
Lakini huku ganzi ni ya wote.
Nauuliza mkono wangu: ni baridi, au ni sukari?
Mkono haujibu. Umevaa glavu.

Natoa simu inisomee kilichomo damuni.
Imezima. Nayo imeona baridi.
Natoa kipimo, nadunga kidole:
damu imegoma kutoka,
na kioo kinaniandikia neno moja, KOSA,
kana kwamba mimi ndiye niliyekosea.

Basi najipima kwa njia ya kizamani.
Nahesabu kurudi nyuma kwa saba saba:
mia, tisini na tatu, themanini na sita,
sabini na
sabini na nani?
Nalisoma bango ng'ambo ya barabara mara tatu;
herufi zinatembea kama siafu.
Halafu hasira, dalili yangu isiyosema uongo:
nimeikasirikia theluji,
nimemkasirikia binti yangu Rukia
kwa kuninunulia glavu za rangi ya maziwa.
Mgeni, najiambia, hii si tabia yako.
Hii ni sukari, imeshuka.

Boksi la juisi limo mfuko wa nje.
Tofali.
Naling'ata, linanirudishia meno yangu.
Nesi Kowalchuk aliniambia tangu vuli: mfuko wa ndani,
karibu na kwapa, mwili wako ndio jiko lake.
Nami nikamjibu ndiyo, ndiyo,
ile ndiyo ya mtu anayetaka kwenda zake.

Shangazi Siwema, kila akipiga simu kutoka Pangani:
"Bado una vitu vitamu mkobani? Si umekatazwa?"
Nitamwelezaje, naye ameshika lake,
kwamba maradhi haya ni jirani wa nyuso mbili?
Mchana anakuja kunihubiria: punguza, punguza.
Alfajiri anabisha hodi na kibaba mkononi, anaomba sukari,
na ukikosa cha kumpa
anakubeba wewe.

Pembeni ya benchi kuna bibi wa Kikrii, kofia ya manyoya,
mfuko wa nguo za kufua mapajani.
Haniulizi kitu. Mikono yangu haitazami,
ananitazama macho.
"Mume wangu alikuwa nayo," anasema,
anavua glavu kwa meno,
anamenya peremende nne zilizoshikana na karatasi zake,
ananitia mdomoni moja moja,
karatasi nyingine na yote.
"Tafuna. Usimumunye."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo kwetu.
Leo mwenyeji ndiye aliyekuja,
na Mgeni ndiye anayetafuna.

Basi linafika. Nanyanyuka; ananishika mkanda wa koti.
"Dakika kumi na tano," anasema. "Hata nusu usipunguze."
Basi linaondoka, na joto lake, na siti zake tupu.
Hatuzungumzi. Anatema pumzi, natema pumzi,
mawingu mawili madogo yasiyofika popote.

Kwanza unarudi ulimi.
Kisha bango linatulia: kumbe ni tangazo la magodoro.
Kisha, bila kuitwa, inatokeza sabini na tisa
kama mtoto aliyejificha mpaka akachoka kutotafutwa.

Bado natetemeka.
Ila sasa naijua hii: ni baridi,
baridi tupu, ya watu wote,
na naipokea kama mshahara.
Nafungua zipu, nalisukuma lile tofali kwapani.
Linauma kama jino.
Nalibana.