Kikombe cha Saba

Saa kumi na moja alfajiri, Kuhmo bado ni usiku.
Kipimajoto cha dirishani kinasema kumi na tisa chini ya sifuri.
Mwili nao unasema: rudi ulale, bibiye, nani atajua?

Atajua Aulikki.
Aulikki wa basi la shule,
amesimama chini ya taa ya mwisho ya barabara,
chupa ya chai kwapani,
anahesabu vichwa vyetu
kama anavyohesabu watoto wa watu.
Saba, pamoja na yeye.
Tunafunga ski. Hatusemi kitu.
Kwenye baridi hii neno huganda kabla halijafika.

Mabingwa hatumo humu.
Eerikki ana goti la chuma.
Pirkko hujitoboa kidole, apime sukari
kabla ya kila mlima.
Mimi nimeacha sigara mara nne,
na hiyo ya nne ni kwa sababu ya Eerikki,
aliyekuwa nyuma yangu mteremko wa ziwani
akisikiliza ninavyohema.
"Mapafu yako," akasema, "yanapiga filimbi."
Basi. Hakuongeza.
Niliona aibu mpaka nyumbani,
nikaitupa pakiti jikoni, ndani ya moto.

Tuliyofundishana ni madogo, hayajai kiganja:
kula kabla njaa haijabisha,
soksi iliyolowa isingoje,
kitandani saa tatu, hata kama mpira wa magongo
uko dakika za mwisho na tumefungana.
Gumu kuliko yote ni kupumzika.
Jumatatu hatuendi. Jumatatu Aulikki hupiga simu
nyumba kwa nyumba, kuhakikisha
hakuna aliyetoroka kwenda kufanya mazoezi.

Januari, Tauno hakuja.
Aulikki alimimina vikombe saba vilevile.
Kesho yake pia.
Cha saba kilikaa peke yake juu ya kisiki,
kikaacha kufuka, kikashika barafu pembeni.
Siku ya tatu akasema:
"Leo njia inapita kwa Tauno."
Njia haipiti kwa Tauno.
Tuliipitisha.

Mlango ulikuwa wazi. Alikaa jikoni na koti lake,
chupa mezani, na chini ya chupa
barua ya kiwanda cha mbao, mistari minne,
kwa miaka ishirini na sita.
Hakuna aliyehubiri.
Pirkko aliosha vyombo.
Eerikki akazilaza ski za Tauno juu ya viti viwili,
akapasha pasi, akaanza kuzipaka nta
polepole, mkono mwepesi,
kama mtu anayemnyoa ndevu mgonjwa.
Harufu ikajaa nyumba.
Nikapika uji wa shayiri. Tauno akala vijiko vitatu.
"Chumvi imezidi," akasema.
Tukatazamana sisi sita.
Mtu anayelalamikia chumvi bado yupo.

Sitasema alipona siku ile.
Februari alikuja, akakosa, akaja.
Chupa nyingine tuliikuta, na nyingine.
Kikombe kilimiminwa.

Jumapili ya mbio, mwezi Machi, kilomita sitini.
Washindi walishaoga, wakala, wakaenda zao.
Mimi nilifika miguu ikitetemeka kama ya ndama.
Vijana wa mashindano wakaanza kung'oa bendera;
Aulikki akawaomba nguzo moja tu ibaki.
"Ya nini, mama?"
"Ya kupitia."

Giza likashuka juu ya misonobari.
Tulisimama sita, tukipokezana kikombe kimoja
cha juisi moto ya beri,
hakuna anayekunywa,
kila mmoja akikikinga na upepo kwa zamu yake.
Kisha taa ndogo, kule mbali.
Ikazama bondeni. Tukangoja.
Ikaibuka.

"Mmekaa hapa muda wote huu?" Tauno akauliza,
kwa ukali, kama anayedai fidia,
barafu imemshika kope.
Aulikki akampa kikombe. Kilikuwa vuguvugu.
"Kesho ni Jumatatu," akasema.
"Nisimwone mtu."