Kiatu cha Kushoto

Wamesema kabati livunjwe, lije la kioo lenye taa,
nami, mtunza stoo, nimepewa matambara
na orodha ya vitu vya kubakizwa:
vikombe kumi na tisa.
Majina ya wanaume, yamechongwa kwa kina.
Vumbi la Mbale jekundu limejaa hadi ndani ya herufi.

Nyuma kabisa, ndani ya gazeti,
kiatu kimoja cha misumari,
cha kushoto, namba arobaini na moja.
Mwenyewe alivaa thelathini na nane.
Namjua. Akiteng, mrefu kama mtama wa kwao Ngora.
Aliazima viatu kwa mvulana wa bweni la pili,
akashindilia karatasi mbele, vidole visicheze.

Leo nimezivuta. Ni daftari la botania:
mzizi wa muhogo kwa penseli,
na pembeni swali ambalo mwalimu hakulijibu:
*Kijani hiki hulala wapi jua likizama?*

Siku ile mvua ilishuka toka Masaba bila hodi.
Mita mia nane, wasichana saba, tope.
Cherotich alishinda. Wakampa beseni la maua,
maana vikombe vilikuwa vya wanaume,
na beseni halichongwi jina.
(Beseni hilo limeogesha madaktari wawili,
huko Kapchorwa, na bado halivuji.)
Nabifo alishika saa, akabishana na mwamuzi
juu ya sehemu mbili za kumi za sekunde
mpaka mwamuzi akaomba maji.
Miaka thelathini akafundisha hesabu hapa,
kwa ubishi uleule.
Akiteng alikuwa wa nne.
Wa nne hapewi hata beseni.
Alivua viatu: unyayo wa samawati,
wino wote umehamia mguuni.
“Basi,” akacheka, “mtihani nitauandika kwa kisigino!”
Saa nane alikuwa ukumbini, nywele zikidondosha maji.

Wa saba nilikuwa mimi.

Muhogo usiooza, unaouzwa leo sokoni,
mbegu yake aliitoa yeye,
akaisajili kwa namba: 800/4.
Mabwana shamba wanadhani ni hesabu za maabara.

Nimeongeza mstari wa ishirini kwenye orodha:
*Kiatu. Kimoja.*
Cha kulia sijakiona.
Karatasi nimezirudisha ndani.